Ratiba ya Nyumbani Isiyovunjwa na Foleni: Mwongozo Kamili kwa Familia za Nairobi

Ratiba nyingi zinazobandikwa ukutani hufa kabla ya wiki kuisha, na mara nyingi mtoto hana kosa. Zimeandikwa kwa saa: saa kumi na mbili kuoga, saa moja kula, saa moja na nusu kusoma. Kisha mvua inanyesha, Jogoo Road inafunga, mama anafika saa mbili na nusu, mfereji haujatoa maji tangu jana, na ile karatasi inabaki pambo. Katika mji huu ratiba inayodumu ni ile inayoshika mfuatano: kitu gani huja baada ya kitu gani. Akivua sare ananawa mikono, akinawa anakula, akila anatoka kucheza. Hata mambo yakisogea kwa saa nzima, mtoto bado anajua amefika wapi katika siku yake.

Mtoto wa miaka minne hasomi saa. Anachojua ni kwamba baada ya kuoga huja mafuta, baada ya mafuta huja hadithi, halafu taa inazimwa. Akiijua hatua inayofuata, hana haja ya kuburutwa kuifikia, nawe huna haja ya kupaza sauti. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Barbara Fiese walipitia tafiti 32 zilizofanywa katika kipindi cha miaka 50 kuhusu desturi za kila siku za familia. Walikuta zinaendana na wazazi wanaojiamini katika malezi, watoto waliotulia, na hata ndoa zenye kuridhisha. Bila shaka nyumba iliyotulia tayari ndiyo hupata nafasi ya kujiwekea desturi, kwa hiyo tusiifanye ratiba kuwa dawa ya kila kitu. Lakini ni jambo lisilohitaji pesa, na linaweza kuanza Jumatatu ijayo.

Kwanza, andika siku ilivyo

Chukua daftari uandike wiki moja bila kuirembesha. Nani huamka wa kwanza? Mtoto hurudi na nani, na akifika anakula nini? Televisheni huwashwa na nani? Mtoto hulala saa ngapi kweli, mbali na saa anayoambiwa alale? Weka alama pale kelele zinapozuka. Huenda ukakuta ugomvi wa nyumba yako una makao mawili matatu tu: viatu asubuhi, kazi ya shule jioni, na simu usiku. Hapo ndipo pa kupangia. Saa ambazo watoto wanacheza wenyewe vizuri pale kwenye ploti hazina shida, basi ziache.

Pili, hesabu usingizi kwa kurudi nyuma

Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo familia nyingi za Nairobi zinaposhindwa.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema mtoto wa miaka 3 na 4 anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, ukiwemo ule wa mchana. Wataalamu wa tiba ya usingizi wa Marekani walipendekeza mwaka 2016 kwamba wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12, na kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10.

Sasa mchukue mtoto wa gredi ya pili anayeishi Kayole. Basi la shule linamchukua saa kumi na mbili kasorobo alfajiri. Ili anawe, avae na anywe uji bila kukimbizwa, aamke saa kumi na moja. Rudi nyuma saa tisa, kile kiwango cha chini kabisa: saa mbili usiku awe tayari ameshika usingizi. Taa basi izimwe saa mbili kasorobo, na maandalizi ya kulala yaanze kama saa moja na robo. Saa moja na robo mama yake yuko wapi? Pengine bado amekaa kwenye matatu, anatazama taa nyekundu za gari lililo mbele.

Hesabu hii inaumiza, na ndiyo maana nyumba nyingi huikwepa. Mtoto husubirishwa mpaka wazazi wafike, analala saa nne, anasinzia darasani, kisha tunaitwa shuleni kuambiwa hana makini. Maoni yangu ni haya: mtoto wa umri huo alale kabla ya mzazi aliyechelewa kufika, na muda wa kuonana uhamishwe. Ukipiga simu saa moja ukiwa ndani ya matatu, mkaongea dakika tano kuhusu siku yake, hiyo nayo ni desturi, mradi iwe kila siku. Alfajiri kuna dakika kumi za uji mkiwa wawili tu. Ijumaa usiku ni yenu.

Kabla ya kukubali yote hayo, hata hivyo, ulizia basi. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 ziliweka masomo ya shule za kutwa yaanze saa mbili asubuhi na kuisha saa tisa na nusu alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Safari ya alfajiri hutokana na foleni na raundi ambazo basi linapiga, na kama shule yenu ina raundi ya pili, omba mtoto wako awekwe humo. Kama haina, uliza mpangilio wa kuchukua watoto: anayechukuliwa wa kwanza asubuhi anaweza kushushwa wa kwanza jioni, au wazazi wakabadilishana kila muhula. Lipeleke kwenye mkutano wa wazazi mkiwa kadhaa. Dakika arobaini zaidi za usingizi zina faida kuliko tuisheni ya Jumamosi.

Tatu, chagua nguzo tatu tu

Kuamka, kurudi kutoka shule, na kulala. Hizo ndizo nguzo, na yaliyo katikati yapumue. Ukipanga kila nusu saa utajikuta askari ndani ya nyumba yako mwenyewe, na watoto watakuwa wepesi wa kukwepa doria.

Nguzo ya kulala ianze kwanza, kwa kuwa ikikaa sawa ya asubuhi hujirekebisha yenyewe. Mwaka 2009 Jodi Mindell na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha akina mama 405 na watoto wao wa miezi 7 hadi 36. Kundi moja lilipewa hatua tatu za kufuata kila usiku: kuoga, kupakwa mafuta, kisha jambo la utulivu kama kuimbiwa au kubembelezwa, na taa kuzimwa ndani ya dakika 30 baada ya kuoga. Kwa wiki mbili tu watoto walilala upesi zaidi na kuamka mara chache zaidi usiku, na akina mama wenyewe wakawa na furaha zaidi. Ukitazama vizuri, ni mambo ambayo nyanya zetu walikuwa wakiyafanya. Tofauti ni kuyafanya kwa mpangilio ule ule kila siku.

Kwa nyumba ya hapa mfuatano unaweza kuwa hivi. Taarifa ya habari ya Kiswahili ya saa moja inapoanza, chakula kinapakuliwa. Ni kengele nzuri kwa sababu, hata kama ninyi hamkuwasha, utaisikia kwa jirani. Kama mtoto wenu ni yule wa basi la alfajiri, ale kabla yake, na mlio wa habari uwe ishara ya kwenda bafuni. Maji yamepashwa kwenye sufuria, yanachanganywa kwenye karai. Kuoga jioni kunafaa kuliko asubuhi, hasa Julai ambapo alfajiri ya Nairobi inauma na mtoto atapigana na maji kila siku. Kisha mafuta, nguo za kulala, na kupiga mswaki.

Halafu dakika kumi za maandalizi ya kesho, ambazo kwangu ndizo zenye thamani kuliko zote. Mtoto mwenyewe analeta begi mlangoni. Daiari inatolewa na kutiwa sahihi sasa, kwa sababu alfajiri kalamu huwa haionekani. Viatu vinawekwa sambamba kando ya begi na soksi safi ndani yake. Hapo ndipo mtagundua kiatu kimoja kiko chini ya kochi, mapema, kabla dereva hajaanza kupiga honi getini. Soksi zilizofuliwa jioni zinaanikwa nyuma ya friji zikauke. Sweta kwenye kiti. Chupa ya maji inajazwa, na maji moto yanaingia kwenye themosi ya kuanzia uji kesho. Mtoto wa miaka sita anaweza kufanya zaidi ya nusu ya haya akionyeshwa polepole kwa wiki moja. Wiki hiyo ya kwanza usimfanyie, simama hapo umuulize, "Nini kinafuata?" Aseme yeye.

Mwisho hadithi au sala, au vyote viwili, na taa. Televisheni imezimwa tangu wakati wa kuoga. Ule mwongozo wa 2019 wa Shirika la Afya Duniani unasema mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja ya skrini kwa siku, na aliye chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele yake kabisa.

Nguzo ya alasiri

Tunalo jambo moja ambalo wenzetu wa nchi za mbali hawana: jua la Nairobi halitudanganyi. Tuko karibu sana na ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo jioni. "Giza likianza kuingia, ndani" ni kanuni inayofanya kazi Januari na inafanya kazi Julai, na mtoto anaiona kwa macho yake mwenyewe.

Akifika nyumbani: viatu mlangoni, sare avue, mikono anawe, ale kitu. Ndizi, kiazi kitamu, githeri ya jana, chochote kilicho tayari. Mtoto mwenye njaa hajadiliani. Kisha acheze nje mpaka giza. Wazazi wengi hutaka kazi ya shule itangulie, ili kila kitu kiwe kimeisha. Mimi naona mtoto aliyekaa darasani tangu asubuhi na kwenye basi saa nzima anahitaji kukimbia kwanza, na saa za mwanga ni chache. Kazi ya shule ije akiingia, pale pale mezani kila siku, wewe au dada wa kazi mkiwa karibu mnachambua sukuma wiki. Karibu tu, bila kumshikia kalamu. Na Jumapili mtu aangalie tokeni za stima zimebaki ngapi. Zikiisha katikati ya hesabu za kugawanya, jioni hiyo imekwisha.

Nne, wote wanaomlea waijue

Kuanzia saa tisa alasiri hadi mnapofika, mwenye ratiba ni dada wa kazi, au nyanya, au jirani anayewapokea watoto. Ukimletea karatasi uliyoiandika peke yako ofisini, atakuitikia "sawa" na mambo yataendelea kama zamani. Muulize kwanza: saa gani hapa nyumbani ni ngumu zaidi, na mtoto hukataa nini? Anayajua mengi ambayo wewe huyajui. Kisha kubalianeni mambo mawili matatu ambayo hayabadiliki, na wewe mwenyewe uyaheshimu ukifika. Mzazi anayeingia saa mbili na nusu na pipi mfukoni, akamwamsha mtoto acheze naye, amebomoa kazi ya jioni nzima ya mtu mwingine.

Na yeye pia ana usingizi wake. Anayeamka saa kumi na nusu kupika uji hawezi kuwa bado anaosha vyombo saa tano usiku. Ratiba ya nyumba inayomsahau haitadumu.

Kwa watoto wasiosoma bado, chora. Kata upande wa katoni, chora karai, kopo la mafuta, mswaki, begi, kitanda, kwa mpangilio, ubandike usawa wa macho yao. Mtoto achore mwenyewe hata kama karai linafanana na kiatu. Kwa wakubwa orodha fupi mlangoni inatosha.

Tano, kila mtu na kazi yake

Wa miaka mitatu aweke viatu pahali pake na apeleke kikombe jikoni. Wa sita atandike kitanda, hata kwa mikunjo. Wa tisa afue soksi na shati lake dogo, aoshe vyombo vya chai. Wa kumi na mbili apike ugali na mayai mtu mzima akiwa karibu. Wavulana na wasichana sawa. Sitaki kulirefusha hili. Kama mtaa wenu hupata maji kwa mgao, fungeni kufua kwenye siku ya maji, na kujaza mitungi kuwe kazi ya mtu anayejulikana, isiwe ya yule atakayekumbuka.

Vijana, na simu zao

Kijana wa miaka kumi na minne asiyelala saa tatu usiku si lazima awe mkaidi. Wakati wa kubalehe saa ya ndani ya mwili husogea mbele, usingizi huja umechelewa, na shule haimsubiri. Kumpangia kama mdogo wake ni kutafuta vita. Kaa naye, mwoneshe ile hesabu ya kurudi nyuma, aamue yeye mpangilio wa jioni yake ndani ya mipaka miwili: saa ya taa, na simu kutolala chumbani. Hilo la pili linakubalika nyumba ikiwa na ekstensheni moja sebuleni ambapo simu zote huchajiwa usiku, pamoja na ya baba. Hiyo ya baba ndiyo itakayoamua kama kanuni itashika.

Nyumba ya chumba kimoja, na kazi za zamu

Kwenye chumba kimoja huwezi kumpeleka mtoto "chumbani kwake", lakini unaweza kubadilisha chumba. Pazia linavutwa, taa kubwa inazimwa na ndogo inabaki upande wa watu wazima, redio inashushwa, maongezi yanakuwa ya chini. Ishara hizo zikija kwa mpangilio ule ule kila usiku, mtoto ataelewa. Muziki wa jirani ni habari nyingine; ongea naye mchana, wakati nyote mna hali nzuri.

Kwa askari wa lindo la usiku, muuguzi wa zamu au mama anayetoka saa kumi alfajiri kwenda Marikiti kununua mboga, nguzo tatu haziwezi kuwa zake zote. Achukue moja aishike kila siku. Baba anayetoka kazini saa moja asubuhi amsindikize mtoto hadi shuleni kabla ya kulala, iwe ni yao wawili. Mama wa sokoni ashike alasiri. Zamu zikibadilika kila wiki, mtoto aoneshwe Jumapili kwenye kalenda ukutani: wiki hii baba ni usiku.

Siku ikiharibika

Itaharibika. Mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba zitaifunga barabara, stima itapotea, mtoto ataumwa, wageni watakuja na kulala sebuleni. Kwa siku hizo muwe na ratiba fupi mliyokubaliana kabla: kula, kunawa uso na miguu, hadithi moja hata ya dakika mbili, kulala. Mpangilio ubaki, urefu upungue.

Na msikate tamaa upesi. Phillippa Lally na wenzake wa London walifuatilia watu wazima 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya, wakachapisha matokeo mwaka 2010. Kwa wastani ilichukua siku 66 tabia kuwa ya kawaida, wengine 18, wengine wakikadiriwa kuhitaji 254, na kukosa siku moja hakukuharibu kazi iliyokwisha kufanyika. Kwa hiyo ongeza nguzo moja baada ya nyingine, na uipe wiki kadhaa kabla ya kugusa ya pili. Mtoto akianza kulia au kuumwa tumbo kila jioni wakati wa hatua fulani, ikague hatua hiyo kwanza: pengine ni ndefu mno, pengine kuna jambo shuleni.

Wikendi kuamka kusizidi saa moja baada ya kawaida, la sivyo Jumapili usiku hakulaliki. Likizo za Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka legezeni, watoto waende kwa nyanya, wachelewe kulala, wale viazi vya kuchoma. Siku kumi kabla ya shule kufunguliwa, anza kurudisha saa ya kulala nyuma kwa dakika kumi na tano kila usiku wa pili, na saa ya kuamka vivyo hivyo. Aliyekuwa akilala saa tatu atakuwa amefika saa mbili kasorobo usiku wa kuamkia siku ya kufungua.